Wa Thelathini na Nane

Karakana ya Ushonaji, nyuma ya parokia
2 Machi

Mwanangu Chiriku,

Mimi mzima, cherehani nzima, mguu wa kushoto ndio unaotafuta ugomvi kila nikikanyaga pedali. Barua yako kondakta wa basi kaniletea mwenyewe mpaka mlangoni. Nimeisoma mara ya kwanza nimekaa, mara ya pili nimesimama, mara ya tatu nimeisoma kwa sauti kizingitini ili na wapita njia nao wafaidi. Simu sitaki, nimeshakuambia. Maneno ya simu hayawekeki sandukuni.

Ehe! Kwa hiyo mchezo ni wako peke yako, mwanzo hadi mwisho? Mchezo wa kuchekesha juu ya siku zenu za shule ya masista, wewe ndiye sista, na watu waliokata tiketi ndio wanafunzi? Mwanzoni sikuelewa. Mtu mzima, ana mke, ana gari, anaingia ukumbini kwa hiari yake akapigishwe magoti? Halafu nikamkumbuka mwenyekiti wa kwaya anavyotetemeka hadi leo akimwona sista anavuka barabara, nikacheka mpaka sindano ikanidondoka. Watajaa hao. Watajaa mpaka madirishani.

Vazi la sista uliloniagiza nimeshalianza. Sikukisia, mimi si fundi wa kukisia. Nilikwenda kwenye nyumba ya masista wazee, nikamkuta Sista Kengele anamwagilia maua. (Mnadhani hajui mlivyokuwa mkimwita. Anajua. Anasema anajua pia nani aliyeanza.) Nikamwambia, "Sista, mwanangu anakuigiza jukwaani, naomba nipime vazi lako." Akaniuliza, "Ananisifu au ananicheka?" Nikamjibu, "Vyote viwili Sista, ila zaidi kusifu." Akaninyooshea mikono nimpime. Tulipofika kiunoni akasema, "Hapo andika tu: inatosha." Nimemwalika siku ya kwanza, amekubali.

Jina lako sasa limejaa mtaa mzima. Wateja wakija kuchukua sare wanainua macho ukutani, kwenye ile ripoti yako ya darasa la tano niliyoitia fremu, nami nawaeleza, maana mgeni akisoma "nafasi ya 38 kati ya 41" anaweza kupotea. Nawaambia, "Masista huhesabu kutoka chini kwenda juu, kwa ajili ya unyenyekevu. Aliyeongoza anaandikwa mwisho. Si hata Injili ina mambo hayo?" Kama ulivyonieleza mwenyewe siku ile umesimama hapa hapa, soksi moja imeshuka. Watatu tu ndio waliokupita. Watatu!

Mama Duka muuza vitambaa alikuwepo juzi nikimweleza mteja. Unajua binti yake alikuwa wa pili, maskini. Kaanza tena, "Fundi, wa pili ni wa pili." Nikamwambia, "Shoga yangu, hayo yameshapita, mwanao si yuko benki sasa? Watoto hupanda." Miaka ishirini namfariji. Ana kiwivu kidogo, lakini ni mwema.

Niandikie: mfuko wa vazi uwe mmoja au miwili?

Mama yako,
Fundi


Nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu
7 Machi

Mama yangu kipenzi,

Mifuko miwili, tafadhali, na mirefu. Mmoja wa chaki, mmoja wa vitu nitakavyowanyang'anya watu.

Mama, mambo yanachemka! Tumefanya mazoezi ya wazi juzi, watu sitini. Kila anayeingia anapewa daftari na penseli mlangoni, anaonyesha kucha. Aliyechelewa anapiga magoti mbele. Anayetafuna chingamu anaibandika puani. Kuna sanduku la karatasi, kila mtu anaandika dhambi moja aliyofanya shuleni na haijawahi kujulikana, nami nazisoma kwa sauti bila jina. Daktari mmoja mwenye mvi nilimsimamisha kona kwa kunong'ona. Mchezo ukaisha, watu wakapiga makofi, wakatoka, yeye bado kona. Nikamwambia, "Baba, tumemaliza." Akasema, "Asante Sista," ndipo akaenda.

Siku ya kwanza rasmi ni Jumamosi tarehe 21, saa kumi alasiri.

Mama, nina ombi, nalo usilichukulie vibaya. Siku hiyo usije. Viti vya mbele vimeshaisha, ukumbi una joto, na siku ya kwanza mambo huwa hayajakaa sawa. Njoo mwezi ujao, nikutengee siku yako, nikuangalie vizuri. Na Sista mwambie hivyohivyo. Safari ni ndefu kwa mtu wa umri wake.

Vazi nitumie kwa basi tu.

Binti yako,
Chiriku


Karakana
10 Machi

Chiriku,

Barua yako nimeisoma, na nimeielewa kuliko ulivyoiandika. Unaogopa. Hata mimi siku ya kwanza kushona gauni la bibi harusi nilimwambia mteja asije kujipima. Lakini mteja alikuja, na gauni likamkaa.

Nakuja, tunaondoka Ijumaa kwa gari la masista. Tena siji peke yangu, tuko kumi na mmoja: mimi, Sista Kengele, Mama Duka, na wanane wa kwaya. Viti vya mbele usihangaike. Sista kapiga simu ukumbini mwenyewe, sijui kawaambia nini, tumepewa mstari mzima.

Na usinitafute kabla ya mchezo. Mwimbaji hasalimiwi koo lake likiwa linapashwa moto. Tutaonana ukishamaliza.

Nikuambie kitu sijakuambia. Nikishona sare za watoto huwa najiuliza lile darasa lao ndani likoje. Miaka yote nimepeleka sketi pale shuleni nikaishia kwenye dirisha la bohari. Mara moja tu niliingia ukumbini, siku ya mkutano wa wazazi, nikapewa kiti cha mbele. Mimi shule niliiacha darasa la nne katikati, bibi yako alipougua. Sasa naambiwa kuna mahali mtu mzima anapewa daftari na penseli anakuwa mwanafunzi, na mwalimu ni mwanangu mwenyewe! Wewe unaniambia nije mwezi ujao? Nitakaa mbele, na kila utakapouliza swali nitanyoosha mkono, hata kama jibu silijui.

Daftari langu liwe la mistari.

Mama yako,
Fundi

Vazi hilo kwenye furushi. Pindo la shela nimelishona kwa mkono. Usilipige pasi ya moto sana.


Ghorofa ya tatu
11 Machi

Sista mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ni mimi, yule wa dawati la nyuma karibu na dirisha lililovunjika (lililovunjwa, sawa). Nakuandikia kwa sababu sina mwingine.

Unakumbuka mkutano wa wazazi wa mwaka ule nilipokuwa darasa la tano. Ulisimama, ukauliza kama kuna mzazi mwenye neno. Mama akanyoosha mkono kabla hujamaliza kuuliza. Akasimama na gauni lake jipya, akasema kwa sauti ya kufika mpaka jikoni, "Nawashukuru masista, mwanangu amekuwa wa thelathini na nane!" Ukumbi ulicheka mpaka viti vikasogea. Mama akadhani wanamshangilia, akawapungia mkono. Mimi nilikuwa dirishani na wenzangu. Nilicheka na mimi, Sista. Nilicheka ili wasijue ni mama yangu, na wote walikuwa wanajua.

Nilimwambia uongo kwa sababu siku nilipopeleka ripoti alikuwa amekesha anashona ili nipate viatu. Aliishika ripoti kwa ncha za vidole asiichafue. Akauliza, "Hii thelathini na nane ndiyo nini?" Maneno yalinitoka yenyewe, kwamba masista mnahesabu kutoka chini. Nilitaka yaishe siku ile ile. Yeye akaenda kununua fremu.

Sasa ndilo tatizo. Kisa hicho ndicho moyo wa mchezo wangu. Ninamwita mtu mmoja kutoka kwa watazamaji, namfunga kitambaa kichwani, anakuwa mama mwenye kujisifu, anasimama na kutamka namba hiyo. Ndipo watu wanapocheka kuliko mahali pengine pote. Nikikitoa, mchezo hauna miguu. Nikikiacha, mama atakuwa amekaa mita mbili kutoka nilipo, anajiona, na wenzake kumi wa parokia wanamwona anajiona.

Nakuomba, Sista, mzuie asije. Au mwambie wewe ukweli. Wewe atakusikia.

Mwanafunzi wako,
Chiriku


Nyumba ya Masista Wazee
14 Machi

Mwanangu,

Milele amina.

Barua yako ina makosa manne ya vituo. Nimeyazungushia na ninakurudishia.

Nakumbuka siku ile. Nilipiga kengele wakanyamaza, nikamleta mama yako akae mbele, nikajiona nimefanya jambo kubwa. Kesho yake nilikwenda karakanani nimweleze. Nilimkuta amepanda juu ya stuli, ana nyundo mkononi, anapigilia msumari wa kutundikia ripoti. Akaniambia, "Sista, nishikie stuli." Nikaishika. Ripoti ilipokaa sawa ukutani, nilishindwa kufungua mdomo. Nimekwenda tena mara nyingi tangu wakati huo, kupeleka vazi kushonewa kiraka, kusalimia. Kila mara nilijiambia nanyamaza kwa huruma. Siku hizi nina muda mwingi wa kufikiri, na naona ulikuwa uoga tu.

Kwa hiyo usinitume. Sitamwambia kwa niaba yako, maana nikimwambia mimi utakuwa umemdanganya mara mbili. Wala sitamzuia kusafiri. Nimeshapiga pasi vazi langu.

Mwandikie. Andika kwa mkono wako, ueleze yote, umpelekee kabla hajaketi kwenye kile kiti. Usichekeshe humo ndani. Wewe ukiogopa unachekesha, ulikuwa hivyo tangu darasa la kwanza.

Nami nitakuja na kengele yangu. Nasikia unayotumia ni ya baiskeli.

Sista Kengele
(naam, ninajua)


TANGAZO
Limebandikwa mlangoni pa karakana
18 Machi, asubuhi

Kwa wateja wangu wote, wa zamani na wapya. Nilisema nitafunga Ijumaa, lakini gari la masista limepata safari ya mapema, kwa hiyo nimeondoka leo Jumatano saa mbili. Nakwenda kumtazama binti yangu jukwaani, mji mzima unamngoja. Sare za darasa la kwanza ziko tayari kwa mlinzi wa parokia. Za darasa la pili bado vifungo, vumilieni. Barua na vifurushi vipitisheni chini ya mlango, nitaviona nikirudi Jumapili.

Aliyetaka kuja na hakuniambia mapema, asinilaumu.

Fundi (mama wa msanii)


Ghorofa ya tatu
18 Machi, saa sita mchana

Mama,

Namkabidhi kondakta barua hii sasa hivi, nimemwapisha akufikishie leo hii jioni, ili uwe nayo siku mbili nzima kabla hujapanda gari Ijumaa. Kaa kwanza.

Masista hawahesabu kutoka chini. Hakuna shule inayohesabu kutoka chini. Wa kwanza ndiye wa kwanza. Binti wa Mama Duka alikuwa wa pili kweli, na mimi nilikuwa wa thelathini na nane kweli, karibu na mkia. Nilikudanganya, na siku ya mkutano ule watu hawakukushangilia, walikucheka. Nilikuwa dirishani, nikacheka na mimi. Nimekuacha uwaeleze wateja uongo wangu miaka ishirini kwa sababu kila nilipotaka kusema nilikuta umefurahi.

Na si hayo tu. Siku ile nimeiweka kwenye mchezo. Watu wanamcheka mama yule, ndiyo, lakini mimi nikiwa ndani ya vazi la Sista ninamtazama na ninamwona yeye peke yake ndiye aliyesimama wima mle ukumbini. Sijui kama hilo linaonekana. Ningependa lionekane.

Naomba msamaha. Nakuomba pia jambo moja, hutahitaji hata kusema. Katikati ya mchezo nitauliza, "Je, kuna mzazi hapa?" Kama umeisoma barua hii na umenisamehe, nyoosha mkono, nami nitajua, nitakichukua kisa kile na kukicheza. Usiponyoosha, nitaruka nikaendelea na mengine, na sitakicheza tena, siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Mchezo ukifa, ufe.

Sikuchekesha humu, Mama. Niliambiwa nisichekeshe.

Binti yako,
Chiriku


Ghorofa ya tatu
22 Machi

Mama,

Nimekwenda nyumba ya wageni mlikolala asubuhi na mapema, nimeambiwa gari la masista limeshaondoka. Jana baada ya mchezo ulinikumbatia, ukasema "vazi limekukaa," ukaingia garini. Basi. Sikulala.

Ulivyonyoosha mkono, Mama! Sikuwa nimemaliza kusema "mzazi", na ule mkono uko juu, umenyooka kama mlingoti. Nikasema moyoni, ameisoma, amenisamehe. Nilikaribia kulia ndani ya shela. Nikakupandisha jukwaani kwa furaha, nikakufunga kitambaa kichwani, nikakuuliza lile swali, "Mama, mtoto wako amekuwa wa ngapi?" Ukajibu kwa sauti ile ile. Ile ile! Wakacheka, nikasema, angalia alivyo mkubwa, anajua yote na bado anaicheza.

Mpaka Mama Duka aliposimama. Niliuona uso wako pale. Ndipo nikajua hujui chochote. Barua haikukufikia, na mimi nimekupandisha kwa mkono wangu.

Watu wanapiga simu ukumbini tangu asubuhi. Wanawaulizia "yule mama", "yule mwenye duka" na "yule sista wa kweli", wanadhani ni kundi letu, wanauliza kama mtakuwepo Jumamosi ijayo. Mwongozaji wangu anarukaruka kama mtoto. Mimi nimemwambia kisa kile hakichezwi mpaka nisikie kutoka kwako. Kondakta kaniambia barua aliipitisha chini ya mlango wa karakana. Isome. Nangoja jibu, lolote litakalokuwa.

Chiriku


Karakana
27 Machi

Chiriku,

Mguu umevimba, cherehani imekata mkanda, na mimi nimechelewa kukujibu kwa makusudi.

Acha nikueleze nilivyoona mimi, maana wewe ulikuwa ndani ya shela, huoni pembeni.

Niliingia nikapewa daftari. La mistari, nashukuru. Ulinikagua kucha kama hunijui, ukaniambia, "Hii ya gumba, mwanafunzi, kesho nisiione," na mimi mama yako nikajibu, "Ndiyo Sista," nikaificha! Mwenyekiti wa kwaya ulimkamata na chingamu. Bibi yule, miaka sitini na miwili, kaibandika puani, akanigeukia akaniambia, "Fundi, sijafurahi hivi tangu nizaliwe." Tukasoma pamoja, tukaimba alfabeti, nikaandika dhambi yangu kwenye karatasi. Sitaitaja. Mimi niliyeacha shule darasa la nne nilikuwa nimekaa mbele, penseli sikioni.

Ukauliza kama kuna mzazi. Ningeachaje kunyoosha mkono? Nilikuwa nimenyoosha kwa kila swali tangu mwanzo, na lile ndilo la kwanza nililojua jibu lake.

Basi nikapanda, nikasema namba. Wakacheka. Nikawapungia mkono. Na hapo Mama Duka akasimama juu ya kiti, mtandio umeanguka, "Leo nimechoka! Miaka ishirini nafarijiwa! Wa pili ni wa pili, Fundi! Wa thelathini na nane ni wa thelathini na nane! Muulize Sista yuko hapo!" Ukumbi ukapiga yowe la furaha, wanadhani ni mchezo. Nikamtazama Sista Kengele. Nikamuuliza, "Sista, eti?" Akainuka na fimbo yake. "Ni kweli, mama. Nilijua, nikanyamaza."

Nikakugeukia wewe. Ulikuwa mweupe kuliko kola niliyokushonea. Sikuwa na la kufanya, mwanangu. Nimesimama juu ya jukwaa, watu mia tatu wananitazama, kitambaa kichwani. Nikasema lililonijia, "Sista, hapa kwenu mtoto akimdanganya mama yake mnamfanyaje?" Ukajibu kwa sauti ndogo, "Anapiga magoti." Nikasema, "Haya, piga." Ukapiga. Na Sista naye, magoti yake hayakunjiki, akajikongoja mpaka kona, akageukia ukuta, akasimama pale na kengele mkononi. Yule daktari mwenye mvi uliyeniandikia habari zake, sijui alitoka wapi, akaenda akasimama kona ya pili bila kuambiwa. Watu wakainuka wote kwenye viti. Sijawahi kusikia makofi kama yale, hata siku ya askofu.

Hasira haikuja pale. Ilikuja garini. Sikukuaga vizuri kwa sababu niliisikia inakuja. Mama Duka alinishika mkono njia nzima, akinipapasa, "Usijali Fundi, usijali." Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kuonewa huruma na mtu niliyekuwa namwonea huruma. Nikapata picha ya kila mteja niliyemweleza habari za kuhesabu kutoka chini. Kila mmoja, Chiriku! Na hata yule mwanamume wa bima aliyekuja kupimwa suti!

Nikafungua karakana, barua iko sakafuni. Nimeisoma. Nimekasirika siku tatu. Nimeshona sketi kumi na nne, pindo zote zimekwenda upande, nimezifumua zote. Ulicheka dirishani. Mistari yako mingine yote niliimeza, ule ulinikwama kooni. Sista alikuja siku ya pili, akakaa kwenye stuli, akanisaidia kufumua. Alipoondoka aliniambia, "Mtoto huyo alikuwa na miaka kumi na moja." Nikamjibu, "Najua, Sista, nilikuwepo alipozaliwa."

Siku ya nne nikaisoma tena mahali uliposema ninyooshe mkono. Mle ukumbini niliunyoosha bila kujua ninakubali nini. Huo hauhesabiki. Kwa hiyo leo asubuhi, hapa karakanani, barua yako iko mkono wa kushoto, nimeunyoosha wa kulia. Umenyooka vizuri. Mteja aliyekuwa anapita akadhani namwita, akaingia, nikampima suruali.

Kisa kile kicheze. Kicheze kesho Jumamosi, na Jumamosi nyingine. Ila yule mama utakayempandisha umpe gauni zuri, lililopigwa pasi, usimfunge kitambaa cha jikoni. Nitashona mwenyewe, tena saizi kubwa, na mkanda wa kukazia, limkae yeyote. Na akishapunga mkono, usiwaharakishe watu. Waache wamtazame kidogo.

Mama Duka anauliza kama naye atahitajika. Ameanza kufanya mazoezi dukani, anapanda juu ya kiti mbele ya wateja. Nimemwambia sauti yake haifiki nyuma.

Lakini kuna jambo sijakusamehe bado, na hili nalisema bila kucheka. Kwa nini ulidhani nisingeweza kujisifia kwa ukweli? Ulinionaje? Mimi, nikose la kusema? Ungeniambia siku ile, "Mama, darasani tuko arobaini na mmoja, nimekuwa wa thelathini na nane," ningesimama mbele ya wazazi wale wale, kwa sauti ile ile, niwaambie mwanangu kawashinda watatu. Watatu wazima, wenye viatu vya dukani na walimu wa ziada nyumbani, wewe na taa ya kibatari na kelele za cherehani! Hakuna ambaye angecheka. Na angecheka, ningemuuliza wa kwake kawashinda wangapi.

Leo nimeshamweleza hivyo mteja wa suruali. Ameshangaa sana, akasema hongera.

Barua hii kondakta anaipitia kesho saa tatu, utakuwa nayo kabla ya mchezo. Sasa kaa, unijibu haraka. Hao watatu uliowashinda, nataka kujua ni watoto wa nani.

Mama yako,
Fundi